Kichwa cha Kiazi cha Debora

Tangu Debora azikwe, Theodory hakuwa amelia, na jambo hilo liliwasumbua watu kuliko lilivyomsumbua yeye. Pale msibani Kilosa wapo waliosema amejikaza kiume. Wapo waliosema ana roho ngumu. Na wapo, maana hawa hawakosekani kwenye msiba wowote, walionong'ona kwamba huyu bwana ana lake jambo. Hakuwa na lake wala la mwenzake. Alikuwa ameingia ganzi tu. Ukimpa chai, anakunywa. Ukimwambia simama, anasimama. Ukimpa pole, anajibu "nimeshapoa," kama anayemjibu karani dirishani. Presha ilimwangusha mkewe jikoni katikati ya masika, mboga ikiwa bado motoni, na Theodory aliporudi kutoka hospitali bila yeye, aliosha ile sufuria, akaianika juani, akakaa kwenye kochi kusubiri watu waje.

Matanga yalipokwisha na ndugu kuanza kufunga mizigo, mama mkwe wake alimwita pembeni. Huyu ni Mama Rebeka, mwanamke mfupi wa milima ya Ukaguru, Mwanglikana wa kuimba sauti ya pili tangu usichana wake, na si mtu wa maneno mengi. Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa bafu, ambako kamba za kiazi kikuu zilikuwa zimepanda mpaka juu ya bati.

"Hiki kiazi unakijua," alisema.

"Nakijua, mama."

"Kilikuwa cha mama yangu. Debora alipoolewa nilimkatia kichwa akaja nacho huku. Vya kwangu vyote vimekwenda na maporomoko, mvua hizi hizi. Shamba limeshuka lote mtoni, sina hata kimoja. Kwa hiyo kimebaki hiki."

"Ndiyo, mama."

"Kamba zikikauka, kichimbe wewe mwenyewe. Chakula ule wewe, ni jasho la mkeo. Kichwa niletee mimi. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia, mama. Nitakuletea."

Na alisikia kweli. Tusimwonee. Tena si jambo la kufundishwa upya, maana kila mwaka alikuwa akisimama palepale na kikombe chake cha chai akimwangalia Debora akivuna. Theodory ni mtu wa Tindiga, kwao ni mpunga na mahindi, na mwanzoni alimcheka mkewe kwa kukipapasa kiazi kama mkunga. Debora alikuwa akimrushia udongo. "Nyie watu wa bondeni mnajua kufyeka tu!" Alichimba pembeni taratibu, akakata mwili wa kiazi kwa kisu, na kile kichwa chenye kamba akakipaka majivu penye kidonda ili kisioze, akakirudisha shimoni na kukifukia. Mwakani kinazaa tena. Ndivyo kilivyotoka kwa bibi hadi kwa mjukuu bila kufa.

Sasa, kazi ya Theodory. Mtu akiisikia mara ya kwanza huwa anacheka. Anatambua viazi vilivyoungua zamani. Huko Mikumi kuna mradi uliokodi nyumba karibu na barabara kuu, na watu wa mradi huo wanachimba pango moja mlimani, mahali ambapo watu waliishi na kupika zama ambazo hata bibi wa bibi yake Mama Rebeka hana habari nazo. Udongo wa pango unamwagwa kwenye pipa la maji, mkaa unaelea, unachotwa kwa chujio na kuanikwa. Mbegu ni rahisi, mtama ni mtama hata ukiungua. Lakini kiazi kikiungua kinavunjika vipande kama punje za chumvi ya mawe, hakina sura wala jina. Hapo ndipo anapoitwa Theodory. Anakiweka kipande chini ya hadubini, anatazama mishipa ilivyopita na vile vyumba vidogo vidogo vya ndani, kisha analinganisha na viazi vya leo alivyovichoma mwenyewe. Anavikata, anavikausha, anavifukia kwenye mchanga ndani ya kopo la maziwa ya unga, anaweka kopo juu ya jiko la mkaa mpaka viwe vyeusi tii. Magimbi, ndiga, viazi vitamu, mizizi ya porini ya kila aina. Rafu nzima ilijaa vitu alivyovichoma.

Baada ya msiba alirudi kazini upesi, na kazi ilimkubali. Mkaa haumpi mtu pole. Alikaa kwenye hadubini asubuhi, akala wali maharage kwa mama ntilie mchana, akarudi kwenye hadubini. Mwisho wa wiki alikwenda Kilosa, akafagia nyumba isiyochafuka, akageuza.

Mwenzake pale alikuwa Ashrafu, kijana wa Kilangali mwenye mdomo, mtu wa pipa la maji na chujio.

"Kaka, leo umeongea maneno matatu," Ashrafu alimwambia siku moja. "Nimeyahesabu. Moja lilikuwa 'chumvi.'"

"Sawa."

"Haya, manne."

Theodory hakucheka, lakini hakukasirika pia. Ashrafu angependa hata akasirike.

Ikaja mifuko ya kutoka tabaka la chini la pango, lenye majivu mengi kuliko yote, na ndani yake vipande vya kiazi kimoja vilivyojaa hasa. Kilikuwa chakula chao, hilo lilionekana wazi. Lakini kiazi gani? Theodory alilinganisha na kila kitu kwenye rafu. Si gimbi. Si ndiga. Muhogo hata usiuseme, umekuja juzi tu na meli za watu. Mradi mzima ukawa unasubiri jibu lake, maana bila jina la kile kiazi, tabaka lile lilikuwa majivu matupu.

"Si inaweza kuwa kiazi kikuu cha milimani?" Ashrafu aliuliza. "Sikioni kwenye rafu yako."

Theodory alitazama rafu. Kweli hakikuwepo. Miaka yote ile alikuwa nacho nyumbani, akawa anakipita akienda kuoga.

"Nyumbani kipo," alisema.

Sokoni Kilosa navyo vilikuwepo, vinashushwa kutoka mlimani kwa magunia. Angeweza kununua. Lakini tangu msiba alikuwa hapiti sokoni, hapiti mahali popote penye watu watakaomshika mkono na kuinamisha kichwa. Jumamosi alifika nyumbani, akaenda nyuma ya bafu, akakuta kamba zimekauka na majani yametawanyika chini. Akachukua jembe. Alichimba kama wanavyochimba pangoni, vizuri kabisa, pembeni kwa pembeni, bila kukikwaruza. Akakitoa kizima, kikubwa cha kubebwa kwa mikono miwili, na kamba yake kavu ikining'inia. Akakipangusa, akakitia kwenye mfuko wa salfeti, akafukia shimo ili mtu asije akavunjika mguu. Kisha akaondoka nacho.

Ungekuwepo ungempigia kelele. We Theodory! Lakini hapakuwa na mtu wa kumpigia kelele, na huyo aliyekuwa akimrushia udongo ndiye huyo hayupo.

Kule Mikumi, Ashrafu alikitazama kile kiazi juu ya meza, akaishika ile kamba kavu.

"Hiki si cha shemeji?"

"Ndicho."

"Na tunakichoma?"

"Tunakichoma. Nipe kisu."

Akakikata kichwa, tumbo na mkia, maana ndivyo kielelezo kinavyotakiwa: sehemu zote, kila moja na kopo lake, la sivyo kazi haijakamilika. Amefanya hivyo kwa kila kiazi kilichopita mikononi mwake. Mkono ulikwenda wenyewe. Akavikausha, akavifukia mchangani, akawasha jiko. Moshi ulipotoka, ulinuka kama jikoni kwake siku za Jumapili, na yeye alisogeza stuli upande ambao upepo haukumfikia. Basi, hivyo tu.

Jibu lilitoka bila ubishi. Kipande cha tumbo la kiazi cha Debora na kipande cha pangoni, ukiviweka pamoja chini ya kioo, ni kitu kimoja. Mishipa ile ile, mpangilio ule ule. Ashrafu alitazama, akatazama tena, akaruka.

"Ndicho! Kaka, ndicho! Wamekula kiazi cha shemeji!"

"Ndicho," Theodory alisema, akaandika jina kwenye mifuko.

"Mungu wangu, wewe mtu. Hata kutabasamu?"

Ashrafu aliendelea kupitia vile vipande vya pangoni akivitenga kwa furaha yake peke yake, hili tumbo, huu mkia, hili tumbo. Baadaye akauliza, "Mbona vichwa hakuna?"

"Huenda haviwezi moto. Vinasagika."

"Mifuko yote hii? Hata kimoja?"

Swali lilikuwa la haki, kwa hiyo Theodory akaenda kulijibu. Akatoa kile kichwa alichokichoma. Kilikuwa kigumu, kimejaa nyuzi, kimeungua kikabaki na umbo lake lote. Akakibonyeza kwa kidole, hakikubonyea. Akakiangusha sakafuni makusudi. Kikalia kama kokoto, kikabaki kizima. Tumbo na mkia vilikuwa vimepukutika nusu. Kichwa ndicho kilichostahimili moto kuliko sehemu zote. Maana yake ni kwamba kama watu wa pango wangechoma vichwa, vingejaa mle kwenye majivu.

Akakaa kwenye kompyuta kuandika. Aliandika kwamba kukosekana kwa vichwa hakutokani na moto. Aliandika kwamba wakazi wa pango walikata vichwa kabla ya kupika. Aliandika kwamba inaelekea walivirudisha shimoni, vichipue tena, kama wanavyofanya wakulima wa milimani hadi

Mkono ukasimama hapo hapo.

Ashrafu alikuwa akimimina maji kwenye pipa nje. Lori lilipita barabarani likielekea Iringa. Theodory alikitazama kile kitu cheusi juu ya meza, kisha akatazama alichoandika, kisha akakitazama tena. Alijua sasa amefanya nini. Watu wale wote, na njaa zao zote, na giza lao la pango, hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo. Alikijua kile kitu, alikitambua, alikiandika jina, na alikiua mwenyewe kwenye kopo la maziwa.

Alingoja aumie. Hakuumia. Hapo ndipo alipojiogopa.

Simu ilimkuta bado amekaa. Mama Rebeka hajui kupiga simu kwa salamu tu; akipiga, ana neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Kamba zimekauka?"

"Zimekauka, mama."

"Basi njoo nacho. Shimo nimeshachimba, karibu na jiko, pale penye mti wa kupandia. Na majivu nimeyachekecha. Unakuja lini?"

"Jumamosi, mama," alisema, akaisikia sauti yake ikisema.

Alipomwambia Ashrafu, kijana alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Alizunguka ua mzima. Kisha akarudi na akili za mjini.

"Sikiliza. Pita sokoni Kilosa, nunua kingine. Kata kichwa, mpelekee. Kiazi ni kile kile, wewe mwenyewe umesema. Hata hadubini haijui hiki cha nani na kile cha nani."

"Haijui," Theodory alikubali.

"Basi. Unamuua mama wa watu bure kwa sababu gani? Mtoto amezika, shamba limekwenda. Mwachie hilo moja."

Sitasema Ashrafu alikosea. Alikuwa anamwonea huruma mama wa watu. Jumamosi asubuhi Theodory alipita sokoni, akashikwa mkono na watu watatu wanne, akapewa pole, akanunua kiazi kikuu chenye kichwa kizuri na jicho lililoanza kuchipua. Akakikata nyumbani kwa kisu kile kile cha Debora, akakifunga kwenye jani la mgomba lenye unyevu. Lakini na kile cheusi alikichukua pia. Alikitia kwenye kifuko chake cha plastiki, akakiweka mfuko wa shati. Kwa nini alikichukua, angeulizwa asingejua kujibu.

Akapanda gari mpaka Rudewa, na kutoka Rudewa bodaboda ikampandisha mlimani, ikimpitisha kwenye lile kovu jekundu ambako shamba la mkwe lilikuwa. Mama Rebeka alikuwa amemsubiri uwanjani, amevaa kitenge cha Kanisa kana kwamba ni Jumapili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huli." Lakini macho yalikuwa kwenye mfuko. "Tukakiweke kwanza, ndiyo uje kukaa. Kisikauke."

Shimo lilikuwa zuri, pana, udongo umepembuliwa mawe yote. Mtu mzima wa umri ule kuchimba shimo la namna ile! Pembeni jembe limelala, na jiwe bapa, na kopo la majivu yaliyochekechwa laini kama unga. Alipiga magoti, akafungua jani la mgomba. Akakiinua kile kichwa juu kwa mikono miwili, akakitazama jicho lake linavyochipua, na uso wake, uso ambao tangu mazishi Theodory hakuuona ukibadilika, ukalainika.

"Karibu nyumbani, Debora," alisema taratibu, akakipangusa udongo kwa kidole chenye mate, kama anayemfuta mtoto.

Na hapo ndipo Theodory aliposhindwa. Angekabidhi kiazi, angeweza. Lakini jina lile hakuweza kuliacha liingie shimoni na uongo.

"Mama," alisema. "Hicho si cha Debora."

Mama aliendelea kukipangusa.

"Ni cha sokoni. Nimekinunua leo. Cha Debora nilikichoma."

"Ulikipika."

"Nilikichoma, mama. Kazini. Chote na kichwa chake. Nilikuwa nakata sehemu zote kama ninavyofanya siku zote. Sikukumbuka. Si kwamba sikujua, nilijua, Debora alinionyesha kila mwaka. Sikukumbuka tu. Mimi, mama, sikumbuki kitu. Sisikii kitu."

Akatoa kile kifuko mfukoni, akakifungua, akaweka kile cheusi kwenye kiganja chake. Mama Rebeka alikaa chini kabisa, miguu mbele, kile kichwa cha sokoni kikiwa mapajani. Alikitazama kile cheusi muda mrefu. Jirani alikuwa akitwanga kwenye kinu upande wa pili wa boma.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Hiki hakioti."

"Hakioti, mama."

Alidhani atamfukuza. Angemfukuza, angeondoka, angepanda gari arudi kwenye hadubini yake akakae. Badala yake mama alinyoosha mkono, akakichukua. Akakigeuza, akakinusa. Ile sura yake iliyolainika ilikuwa imeshajikunja tena, machozi yanamtoka bila sauti, yeye hayafuti, anaendelea tu na kazi. Aliweka kile kichwa cheusi juu ya lile jiwe bapa, akashika jembe kwa shingo, akakiponda kwa mgongo wa lile jembe.

Kilikuwa kielelezo pekee cha kichwa walichokuwa nacho mradi mzima. Theodory hakunyoosha mkono. Pigo la kwanza kiliruka. Mama akakirudisha, akapiga tena, na safari hii kikapasuka, na Theodory akausikia mpasuko ule ndani ya kifua chake, mahali ambapo tangu masika hapakuwa pamesikika kitu. Mama alikisaga mpaka kikawa vumbi. Akachanganya na yale majivu yake kwenye kopo. Kisha akachukua kichwa cha sokoni, akakigeuza upande wa kidonda, na kwa vidole vitatu akakipaka Debora mpaka peupe pote pakawa peusi.

"Hiki hakina kosa," alisema. "Nacho kina mtu aliyekilea."

Akakiweka shimoni, jicho likitazama juu. Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Akamsukumia mkwewe jembe.

"Fukia, baba. Usigandamize sana."

Theodory alivuta udongo mara ya kwanza, na mara ya pili, na ya tatu hakuona tena anavuta nini. Kilio kilimtoka kwa sauti mbaya, ya mtu asiyejua kulia, mpaka kinu cha jirani kikanyamaza. Alimwita mkewe kwa jina. Alifukia huku analia, analia huku anafukia, na Mama Rebeka, aliyekaa pale chini na mikono myeusi, hakumwambia anyamaze.